Kwa Anayeanza Kazi na Takwimu za Tana River

Ukipangiwa kazi Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River nchini Kenya, iwe idara ya mipango, afya au elimu, hutakaa sana kabla ya kuombwa idadi ya watu wa kila eneo. Usikimbilie kunakili jedwali. Uliza kwanza: mnataka eneo kwa mipaka ipi?

Ardhi ya kaunti hii imegawanywa mara mbili. Kuna mipaka ya uchaguzi, inayowekwa na IEBC, yaani tume ya uchaguzi na mipaka: maeneo bunge matatu yenye wadi 15. Garsen ina wadi sita, Galole nne (Kinakomba, Mikinduni, Chewani na Wayu), na Bura tano (Chewele, Hirimani, Bangale, Sala na Madogo). Halafu kuna mipaka ya serikali kuu, inayoshuka kutoka kwa kamishna wa kaunti hadi kaunti ndogo, tarafa, lokesheni ya chifu na sublokesheni ya naibu wa chifu. Sensa ya 2019 ilitumia kaunti ndogo tatu: Tana Delta, iliyo upande wa Garsen, Tana River, upande wa Galole, na Tana North, upande wa Bura.

Angalia vizuri hapo. Jina Tana River ni la kaunti nzima na pia la kaunti ndogo moja. Faili lililoandikwa "Tana River" bila kutaja ngazi ni hatari, na laweza kuharibu ripoti. Vilevile, mwaka 2009 sensa ilikuwa na wilaya mbili tu, Tana River na Tana Delta. Ukiilinganisha Tana River ya 2009 na kaunti ndogo ya Tana River ya 2019, utadhani watu wamehama, kumbe Tana North ndiyo iliyomegwa humo.

Sensa hutoa watu kwa sublokesheni, ilhali miradi ya kaunti hugawanywa kwa wadi. Kuunganisha hizi mbili ndiyo kazi yenyewe. Chukua Juzuu la Pili la ripoti ya sensa ya 2019, toa sublokesheni zote, kisha keti na msimamizi wa wadi pamoja na machifu mkiipangia kila sublokesheni wadi yake. Iliyokatwa na mpaka, orodhesheni vijiji vyake na mgawe idadi kwa kaya. Kamwe usigawe kwa ukubwa wa ardhi. Kaunti ina takriban kilomita za mraba 38,000 na wastani wa watu wanane kwa kila kilomita ya mraba, lakini wastani huo haumwelezi mtu yeyote: wakulima, wengi wao Wapokomo, wamejipanga kandokando ya mto, na bara ya wafugaji Waorma na Wawardei ina nafasi kubwa mno kati ya kituo na kituo. Nusu ya ardhi ya sublokesheni yaweza kuwa na kaya chache sana.

Jumla za kukumbuka ni hizi: 180,901 mwaka 1999, 240,075 mwaka 2009 na 315,943 mwaka 2019. Kwa makadirio rasmi tumia yale ya KNBS, shirika la kitaifa la takwimu. Ukilazimika kukokotoa mwenyewe, zidisha, usijumlishe. Ongezeko la 2009 hadi 2019 ni karibu asilimia 2.8 kwa mwaka. Anayejumlisha watu 7,587 kila mwaka atapata takriban 353,900 kufikia 2024; anayezidisha kwa 1.0278 kila mwaka atapata kama 362,000. Tofauti ni zaidi ya watu 8,000, na hao wanahitaji chanjo, madawati na maji.

Kumbuka pia kwamba sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Agosti ni kiangazi, na mifugo hufuata maji na malisho kuelekea mtoni na deltani. Kwa hiyo takwimu ya sublokesheni ya wafugaji ni ya msimu, na kabla ya kupanga zahanati muulize naibu wa chifu watu wake huwa wapi baada ya mvua. Mafuriko nayo huhamisha kijiji kizima hadi mahali palipoinuka, na jina likaenda na watu. Ramani ya zamani itakupeleka kwenye mashamba matupu.

Madogo ni mfano mwingine wa kuzingatia. Imetenganishwa na mji wa Garissa na daraja tu, na watu huvuka kutafuta hospitali na soko. Idadi ya wakazi wa wadi hailingani na idadi ya wanaofika kituo chake cha afya, kwa hiyo agiza dawa kwa kuangalia daftari la wagonjwa pamoja na sensa.

Mwisho ni majina na misimbo. Bura ni eneo bunge hapa, ni wadi ya Fafi huko Garissa, na ni wadi ya Mwatate huko Taita Taveta. Mikinduni isigeuke Mikindani ya Mombasa. Tambua kila eneo kwa msimbo wake: kaunti ni 004, Garsen 018, Galole 019, Bura 020. Weka safu hiyo kama maandishi, si namba, la sivyo kompyuta itafuta sifuri za mbele na majedwali mawili hayataungana.