Kiingereza cha filamu na Kiingereza cha kitabuni: kwa wanaoanza kusoma kwa lugha mbili

Ukianza kusoma masomo yote kwa Kiingereza baada ya kuyasoma kwa Kiswahili, utakutana na jambo linalochanganya. Filamu unaielewa. Nyimbo unaziimba bila kukosea. Kwenye gemu unachati na wenzako na mnaelewana vizuri tu. Kisha unafungua kitabu cha baiolojia, na aya ya kwanza inakushinda. Wengi hapo hujihukumu kwamba wao si watu wa sayansi, wakati somo lenyewe wala halijawafikia: wamekwama mlangoni, kwenye lugha.

Lugha ya kupiga soga na lugha ya darasani hazikui kwa mwendo mmoja. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alizitenganisha hizi mbili mwaka 1979, na kazi zake zilizofuata kuhusu watoto wahamiaji zilionyesha kwamba mazungumzo ya kila siku hukaa sawa ndani ya takriban miaka 2, lakini lugha ya masomo huchukua kama miaka 5 hadi 7 kabla mwanafunzi hajawafikia wenzake wazawa wa lugha hiyo. Hao ni watoto walioishi ndani ya lugha yenyewe, mitaani na shuleni. Kwa hiyo ukiona mwaka wa kwanza unakuelemea, hilo ni la kawaida kabisa.

Sababu inaonekana vizuri zaidi kwenye maneno. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (neno na ndugu zake wa mzizi mmoja huhesabiwa familia moja), yaani yale yanayojirudia katika fani zote, iwe sheria, biashara au sayansi. Katika maandishi ya kitaaluma, maneno hayo ni kama asilimia 10 ya maandishi yote. Katika hadithi za kubuni alizolinganisha nazo, yalifika asilimia 1.4 tu. Maana yake, unaweza kula riwaya na tamthilia mwaka mzima na ukakutana nayo kwa nadra.

Na hayo si maneno makubwa ya kutisha. Ni *assume*, *derive*, *constitute*, *vary*, *whereas*, *hence*. Istilahi kama *photosynthesis* haiwezi kukupita, kwa sababu mwalimu ataiandika ubaoni, ataichorea mchoro na ataiuliza kwenye jaribio. Lakini hakuna mwalimu anayesimama kueleza *whereas*. Anaichukulia kuwa unaijua, nawe unairuka, na sentensi iliyokuwa inakwambia vitu viwili vinatofautiana inakuwa kwako orodha ya vitu viwili vilivyokaa pamoja. Basi daftari lako la msamiati lijazwe hasa na maneno haya ya katikati. Istilahi zitajileta.

Njia inayofanya kazi ni kadi. Kata karatasi ya A4 vipande 8. Upande wa mbele andika sentensi nzima kutoka kwenye kitabu chako, na neno husika uliachie nafasi tupu. Nyuma andika neno lenyewe, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Usiandike neno peke yake mbele na tafsiri nyuma. Ukifanya hivyo utalijua kwenye kadi na litakupotea kwenye kitabu, kwa kuwa hujui linakaa na maneno gani. Maneno 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, yanaimaliza orodha ya 570 kwa wiki zisizozidi 15.

Kadi zipangwe kwa visanduku, utaratibu uliotangazwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya zikae kisanduku cha kwanza na uzipitie kila siku. Uliyoipata inahamia cha pili, inayopitiwa kila baada ya siku 2 au 3. Ukiipata tena inahamia cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosea, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mbali. Utaratibu huu huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni tamaa: mtu anaongeza kadi 30 siku ya Jumamosi, wiki inayofuata marudio yanamzidi, anaacha kabisa. Kisanduku cha kwanza kikipita kadi 40, acha kuongeza mpaka kipungue. Ya pili ni kujifunza maneno yanayofanana au yanayopingana kwa siku moja. *Increase* na *decrease* zikiingia kichwani pamoja zitabaki zimefungamana, na kwenye mtihani utajua kwamba ni moja kati ya hizo mbili bila kujua ni ipi. Ziachanishe kwa wiki nzima.

Kuhusu kusoma kitabu chenyewe, kabla ya kuanza sura mpya hesabu maneno 100 mfululizo, kama mistari 8 hadi 10, na uone mangapi huyajui kabisa. Yakizidi 5, yaani zaidi ya neno moja katika kila 20, sura hiyo bado ni nzito kwako na utatumia nguvu nyingi kupata kidogo. Tafuta mada hiyohiyo kwenye kitabu cha darasa la chini, au maelezo yake kwa Kiswahili, usome hiyo kwanza, kisha urudi. Wengine huona aibu kushika kitabu cha darasa la chini. Aibu hiyo ni ghali.

Na tafadhali usiandike tafsiri ya Kiswahili juu ya kila neno kwa penseli. Ukishaiandika, jicho litasoma penseli daima, na Kiingereza kilicho chini yake hutakisoma tena. Badala yake weka nukta ndogo pembeni, endelea mpaka mwisho wa aya, halafu rudi. Baadhi ya nukta zitakuwa zimejieleza zenyewe. Katika zilizobaki, fungua kamusi kwa maneno 5 tu kwa kila ukurasa, yale yaliyojirudia au yanayoshikilia sentensi.

Swali linaloulizwa sana ni la notisi: ziandikwe kwa lugha gani? Darasani andika kwa lugha anayofundishia mwalimu. Ukijaribu kutafsiri huku unaandika, sentensi moja itakupa kazi, na mwalimu atakuwa ameshasema tatu. Jioni ndiyo zamu ya Kiswahili: funga daftari, jieleze kwa sauti kile ulichosoma kana kwamba unamfundisha mdogo wako, na utoe mfano ambao haumo kitabuni. Ukikosa mfano, ulikariri kama kasuku. Ukiupata, andika sentensi 3 au 4 kwa lugha ya mtihani bila kutazama popote. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na inarukwa kwa sababu inauma.

Kundi la kujadiliana linaangukia shimo hilohilo. Mnajadili kwa Kiswahili, mambo yanaeleweka, kila mtu anaondoka ameridhika, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa Kiingereza. Mtihani hauji kuuliza kama mlielewana. Dakika 10 za mwisho ziwe za kimya: kila mmoja ajibu swali moja kwa maandishi, kisha mbadilishane karatasi.

Kuchanganya lugha katika maongezi si dhambi, kila mwenye lugha mbili anafanya. Angalia tu unapochanganya. Jirekodi kwenye simu dakika 2 ukieleza mada moja kwa Kiingereza, kisha sikiliza huku umeshika kalamu na uandike kila mahali ulipohamia Kiswahili. Utaona mara nyingi unahama palepale, kwenye sababu na matokeo, kwenye "ilhali" na "kwa hiyo" na "isipokuwa". Hizo ndizo kadi zako za kesho.

Sasa burudani. Hakuna haja ya kuiacha, ila ipewe kazi inayoiweza: masikio, matamshi na kasi. Chagua kipande cha dakika 3, kisizidi. Mara ya kwanza kitazame na manukuu ya Kiingereza, yale maandishi ya chini ya skrini. Mara ya pili yazime, na uandike sentensi 5 ulizozisikia. Mara ya tatu yawashe tena ujisahihishe. Manukuu ya Kiswahili yanafaa kwa kujua kisa kimekwenda vipi, lakini ukiyawasha jicho linafanya kazi yote na sikio linapumzika. Pia usitegemee manukuu yafanane neno kwa neno na kinachosemwa: nafasi ya skrini ni ndogo na mtazamaji anahitaji muda wa kusoma, kwa hiyo waandishi hufupisha. Pale yanapotofautiana, amini sikio.

Vichekesho viache kwa baadaye, kwa maana vimejaa mafumbo na misemo ya watu wenyewe kwa wenyewe. Filamu za makala, za wanyama, historia au anga, ndizo daraja zuri kuliko zote: msimulizi mmoja, sauti safi, picha inaonyesha kile kinachosemwa, na yale maneno ya kitaaluma yanapita humo kwa wingi. Kama una saa moja tu ya kutazama, toa angalau dakika 20 kwa hizo.

Nyimbo zinakupa matamshi na namna maneno yanavyoshikana. Usizitumie kujifunza sarufi, maana mwimbaji yuko huru kuivunja ili vina vikae sawa. Andika mstari unavyousikia kabla ya kutafuta mashairi yake. Gemu zinakuzoesha amri fupi na majibu ya haraka. Zuri, lakini usizihesabu kama saa za kusoma.

Kiswahili nacho kinahitaji matunzo. Ukifanya fikra zako zote nzito kwa Kiingereza, Kiswahili chako kitabaki cha nyumbani na sokoni, na siku ukitakiwa kuandika ripoti utatafsiri sentensi za Kiingereza neno kwa neno. Kurasa za mwisho za daftari la kila somo zigawe safu mbili: istilahi ya Kiingereza kushoto, ya Kiswahili kulia, *photosynthesis* na usanisinuru, *gravity* na mvutano. Hesabu za kichwani zifanye kwa lugha uliyojifunzia majedwali ya kuzidisha. Kuzihamisha kunakupunguza kasi bila faida. Kinachotakiwa kwa Kiingereza ni maelezo ya hatua.

Kwenye mtihani, soma kwanza kitenzi cha swali. *State* anataka utaje, mstari mmoja unatosha. *Explain* anataka sababu, na jibu lisilo na "kwa sababu" ndani yake halijamaliza. *Compare* anataka vitu viwili vikutane ndani ya sentensi moja, si aya ya hiki na aya ya kile. *Discuss* anataka pande zaidi ya moja. Kama karatasi ina alama 100 na saa 3, kila alama ina kama dakika 1.8, kwa hiyo swali la alama 10 lisikule zaidi ya dakika 18. Anayefikiri kwa lugha mbili hutumia muda zaidi kwenye kusoma swali, basi ondoa dakika 10 mwanzoni kwa kazi hiyo na ugawe zilizobaki.

La mwisho ni saa yenyewe. Ratiba ya Kiingereza inasema 8:00 asubuhi na wewe kichwani unasoma saa nane. Au rafiki anakwambia mtihani ni saa nane, nawe unaandika 8:00. Tofauti ni saa 6, na chumba cha mtihani hakina subira hiyo. Ukipewa ratiba, siku hiyohiyo chukua kalamu ya rangi nyingine na kando ya kila muda uandike wa Kiswahili: 8:00 asubuhi ni saa 2, 14:00 ni saa 8 mchana. Kisha mpe mwenzako aikague.