Safari na harufu ya michungwa

Umeuliza iwapo safari na harufu za jamii ya machungwa humwongoza kweli mtengeneza manukato, au ni maneno ya wauzaji tu. Humwongoza kweli, na mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1685 na kuhamia Cologne, Ujerumani, ambaye mwaka 1708 alimwandikia ndugu yake kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia katika majira ya kuchipua, yenye maua ya michungwa baada ya mvua. Manukato hayo, yenye bergamoti (tunda chachu la jamii ya machungwa) na matunda ndugu zake, aliyapa jina la mji uliompokea: Eau de Cologne.

Mti wa mdanzi, yaani mchungwa wa matunda machungu, peke yake humpa fundi mafuta matatu yasiyofanana: ya maua, ya majani na vijiti, na ya ganda, nami huyaona ya maua kuwa bora kabisa. Ugumu ni kwamba mafuta ya ganda hupeperuka upesi, hivyo kumbukumbu ya safari haikai ngozini asipoishikiza kwa harufu nzito za miti au miski.