Mchango wa filamu yetu umekwama

SWALI: Sisi ni vijana watatu wa Kayole, Nairobi. Tunataka kutengeneza filamu ya makala kuhusu wakulima wa Machakos walioacha mbolea ya dukani wakarudia mboji. Bajeti ni shilingi 600,000. Tuliomba mchango mtandaoni kwa namba ya simu ya mwenzetu. Wiki mbili zimepita, hata 50,000 hatujafikisha. Tumekosea wapi?

JIBU: Simamisheni mchango kwanza. Namba ya mtu binafsi hutia shaka, tena akaunti ya kawaida ya M-Pesa haikai na zaidi ya shilingi 500,000. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi wawili na paybill (namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo), au tumieni M-Changa, jukwaa la Kenya la kuchangisha mtandaoni. Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangisha, iacheni: Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo wakazi wake wanaruhusiwa kuchangisha humo.

Kuna na hesabu ya makato. Tuseme ada za kupokea fedha na zawadi za wachangiaji zitakula asilimia 10. Wengi huongeza 60,000, wakaomba 660,000. Zikikatwa 66,000 wanabaki na 594,000. Gawanyeni 600,000 kwa 0.9 mpate karibu 667,000.

Ila msiziombe zote kwa mkupuo. Ombeni za kupiga picha msimu mmoja, tena muufuate msimu wenyewe. Ukambani, iliko Machakos, wakulima wengi hutegemea zaidi mvua za vuli, zinazoanza Oktoba. Mboji huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva, kwa hiyo lundo hupangwa Julai. Mkipata fedha Septemba, mtakuta mboji imeshaiva, na kazi yote ya kuipanga, kuimwagia maji na kuigeuza itakuwa imewapita. Hiyo ndiyo filamu yenyewe! Fungeni mchango kabla Juni haijaisha.

Kabla ya kuufungua upya, tafuteni ahadi za theluthi moja ya lengo kwa jamaa, chama na kanisa au msikiti, na zitumwe siku tatu za mwanzo. Mgeni huogopa kuwa wa kwanza kutoa. Video ya kuombea isizidi dakika mbili: mkulima aongee Kikamba chake, maandishi ya Kiswahili chini, maikrofoni kifuani, maana upepo wa shambani huua sauti ya kamera. Fulana msiahidi, kuzichapisha na kuzituma ni gharama. Jina mwishoni mwa filamu linatosha. Na mkulima akubali kwanza, kwa lugha anayoielewa, sura yake kutumika kuombea fedha. Mwelezeni pia kama atapata chochote humo au la.