Plagi huanzwa kwa vidole: majibu kwa wenye pikapu za zamani

Safari hii karibu kila ujumbe unahusu plagi, zile za kutoa cheche ya kuwasha petroli, hasa za pikapu za petroli ambazo zimeshapita mikononi mwa watu wengi. Nimechagua maswali machache.

Shikamoo fundi. Nina Hilux ya zamani, injini ya 22R. Plagi ya silinda ya tatu ilipofunguliwa ilitoka na vipande vya aluminiamu kwenye hesi (mistari ya kukazia). Sasa plagi mpya haikazi, inazunguka tu. Fundi wangu anasema ninunue hedi nyingine. Ni kweli? (Urambo)

Marahaba. Si kweli. Kama hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, haina ufa, inatengenezeka.

Hedi ya 22R ni ya aluminiamu na plagi ni ya chuma, kwa hiyo zikivutana inayoliwa ni hedi. Tundu la plagi ni la milimita 14, na nafasi ya hesi hadi hesi ni milimita 1.25. Tundu linakatwa hesi mpya, kubwa kidogo, halafu linawekwa kitu cha kulirudisha kwenye 14. Kitu hicho ni cha aina mbili. Kuna koili ya waya wa chuma cha pua, ambayo wengi wanaiita Helicoil hata ikiwa ya kampuni nyingine. Halafu kuna bushi nzima, yenye hesi ndani na nje na mdomo mpana juu wa kuizuia isizame. Kwa matundu ya plagi mimi nachagua bushi. Koili ikiwekwa vizuri inafanya kazi, lakini plagi hufunguliwa mara kwa mara, na koili iliyolegea hutoka pamoja nayo.

Kinachoua injini katika kazi hii ni chenga. Tapu, yaani chuma cha kukatia hesi, ikikata, chenga za aluminiamu zinaanguka kwenye silinda, zinakwaruza ukuta na kuingia kwenye ringi za pistoni. Mwambie fundi ang'oe hedi. Najua maana yake ni gasketi mpya na gari kulala gereji, lakini ukilinganisha na kufungua injini yote, hiyo ni nafuu. Ikishindikana kabisa, mifereji ya tapu ijazwe grisi nzito ili ikamate chenga. Azungushe kidogo, arudishe nyuma, aitoe, aifute, apake grisi upya, aendelee. Ukiona tapu kavu inazungushwa moja kwa moja juu ya injini iliyofungwa, simamisha kazi. Hilo ni gari lako.

Angalia mambo mengine mawili. Tapu isimame wima, kwa sababu tundu likienda upande plagi haikai sawasawa na mgandamizo unavuja. Na bushi au koili isitokeze kwa chini, ndani ya chumba cha moto. Ncha iliyotokeza inapata joto mpaka inawaka nyekundu na kuwasha petroli kabla ya cheche, na hapo pistoni iko hatarini.

Halafu muulize nani alifunga plagi hiyo mara ya mwisho. Uzee peke yake hauli hesi. Mtu anatia plagi kwenye soketi, anaunga racheti na kuanza kukaza hapohapo. Plagi imeingia upande, inakuwa ngumu, yeye anadhani ni uchafu na anaongeza nguvu. Plagi huanzwa kwa vidole, mizunguko kadhaa, bila spana. Tundu likiwa la ndani, kata kipande cha mpira wa petroli, chomeka kwenye kichwa cha plagi na uzungushie hapo. Plagi ikiingia upande, mpira unateleza kabla hesi hazijaumia. Nitalisema hili kila wiki mpaka lizoeleke kwenye gereji zetu.

Canter yangu ya dizeli inatoa moshi mweusi. Niweke plagi za aina gani? (Kaliua)

Dizeli haina plagi za cheche. Anza na filta ya hewa, kisha kapime nozeli (vinyunyizio vya dizeli).

Fundi, gari inamisi. Tatizo nini?

Gari gani? Injini gani? Inamisi, yaani inakosa mwako, ikiwa baridi, ikiwa imechemka, au ikipanda mlima? Maswali ya namna hii yananijia kila mara na siwezi kuyajibu. Mkiandika hivi mnaambiwa "badilisha plagi", mnanunua plagi nzuri, kumbe ni waya uliokatika ndani.

Nisipokuwa na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, nikaze plagi kiasi gani? (Ujiji)

Kama ni mpya na ina washa (pete ya chuma shingoni), ifunge kwa vidole mpaka ikae, kisha ongeza kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Utasikia washa inabonyea. Plagi iliyokwisha kutumika washa yake imeshabonyea, kwa hiyo inatosha kuisogeza kama mkono wa saa unavyotoka saa kumi na mbili kwenda saa moja. Zile zisizo na washa, zenye kikalio cha mteremko, zinataka chini ya hapo.

Usiiache legelege kwa kuogopa. Plagi hupoza joto lake kwa kulipitisha kwenye hedi, na ikilegea inaungua, inavujisha mgandamizo na kutikisika mpaka inakula hesi zenyewe.

Ni vizuri kupaka grisi au mawese kwenye hesi ili plagi isigande? (Mwanga, Kigoma)

Hapana. Mawese ni ya jikoni, na kwenye joto la injini yanaungua na kubaki makaa. Plagi nyingi za kisasa zinatoka kiwandani na mipako ya kuzuia kuganda. Ukipaka mafuta zinateleza, na kwa nguvu ileile ya mkono unajikuta umekaza kupita kiasi.

Fundi, nasafirisha dagaa kwa pikapu ya petroli. Plagi moja iliruka nje barabarani. Kijana wa gereji anasema ataijazia gundi ya chuma nifike Tabora. Nimkubalie? (Nguruka)

Usimkubalie, dada yangu. Gundi ile haihimili joto na mgandamizo wa silinda. Plagi itaruka tena, na safari hii itatoa moto karibu na waya na mipira ya petroli, wewe ukiwa katikati ya pori. Hata ikishika, siku ya kufungua itatoka na nyama ya hedi, na bushi haitakuwa na pa kushika. Lipa gari la kuvuta, au hamishia mzigo kwenye gari jingine. Dagaa wanapatikana tena.

Plagi imeganda kabisa. Naogopa kuikata. (Kasulu)

Unaogopa jambo la haki. Kwanza puliza vumbi lote kuzunguka plagi, hata kwa pampu ya baiskeli, maana likianguka ndani ni msasa. Injini ikiwa baridi, weka mafuta ya kulainisha kutu na uache usiku kucha. Asubuhi fungua robo mzunguko. Ikikaza irudishe, ongeza mafuta, fungua tena. Nenda hivyo mbele na nyuma. Ukisikia mlio mkali au ugumu unaozidi, acha. Anayeng'oa kwa bomba refu lililochomekwa kwenye mpini wa spana ndiye anayetuletea barua kama ile ya Urambo.

Nimechanganya waya za plagi za 22R. Mpangilio ni upi? (Sikonge)

1-3-4-2, silinda ya kwanza ni ya mbele, upande wa rejeta. Ukishapata, funga utepe wenye namba kwenye kila waya.