Chatu wa Everglades: kwa nini kuwinda peke yake hakutoshi

Ndugu, umeuliza kwa nini Florida, Marekani, wasiwawinde tu chatu wa Burma, nyoka wageni waliovamia kinamasi cha Everglades, mpaka waishe. Kazi ni kuwaona: madoa yao ya kahawia hupotea kwenye majani makavu, unasimama hatua mbili tu na humwoni. Inayosaidia kweli ni kumtumia dume. Hupasuliwa, hupachikwa kifaa cha redio mwilini, huachiwa. Desemba hadi Machi huenda kutafuta majike, watafiti wakimfuata kwa antena, na jike hutolewa kabla hajataga. Jike mmoja aliyetangazwa 2022, kilo 98, alikutwa na mayai machanga 122! Dume huachwa aendelee. Ukimuua umepoteza mwongozaji. Na chatu hawa hula wanyama wa huko: rakuni, wanyama wadogo wa porini, wanaoonekana barabarani usiku walishapungua kwa asilimia 99.