Wasifu wa Mzee Uanzie kwa Majirani

Baba yangu aliendesha kisiagi kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, karibu na soko la Misikhu, mpaka nguvu zilipomwishia. Asubuhi alikuwa kwenye mashine, jioni shambani, Jumapili kwenye kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, ambako alikuwa mweka hazina kwa miaka mingi. Alitusomesha sote kwa shilingi za kusaga. Alipotutoka, jamaa waliniachia kazi ya kuandika wasifu wake, na tangu hapo wenzangu waliofiwa wamekuwa wakinipigia simu kuuliza waanzie wapi. Ninaandika hapa yale ninayowaambia. Wazee wa aina ya baba wako katika kila mji mdogo huku kwetu, na wengi wao huzikwa kwa wasifu ambao ungemfaa marehemu yeyote.

Mnaujua. Alizaliwa mwaka fulani, mwana wa tatu wa marehemu fulani. Akasoma, akaoa, akajaliwa watoto. Alikuwa Mkristo shupavu, mchapakazi, mpenda watu. Kisha inakuja aya ya ugonjwa, hospitali baada ya hospitali, hadi saa ya kukata roho, na mara nyingi hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote. Jambo hili huniuma sana. Mtu amewatumikia watu maisha yake yote, halafu tunasimama mbele ya jeneza kusimulia wiki zake za mwisho kitandani. Ugonjwa upe sentensi mbili, washukuru waliomuuguza, songa mbele.

Neno "mchapakazi" halimwonyeshi mtu mpaka useme kazi yenyewe ilifanywaje, na wanaojua hilo si watoto wake. Sisi tulimwona baba akirudi nyumbani na nyusi nyeupe kwa unga, basi. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, nenda pale alipofanyia kazi, ukae. Mimi nilikaa kwenye benchi ambalo akina mama hukalia wakingoja unga wao, nikawa nasikiliza tu. Nyanya mmoja akaniambia, "Mwanangu, baba yako alikuwa hasagi uji wa mtoto kabla ya kusafisha mashine." Nikamwomba anieleze. Akasema kama mteja aliyetangulia alikuwa amesaga muhogo, na aliyefuata ameleta wimbi la mtoto aliyeanza kula, baba alikuwa anazima injini, anakung'uta ule mfuko wa unga mpaka uishe, kisha anawasha na kupitisha konzi moja ya wimbi kwanza. Unga wa konzi hiyo aliuweka pembeni kwa ajili ya kuku. Ndipo akamimina wimbi la mtoto. Dizeli iliyopotea ilikuwa yake, na bei haikupanda.

Miaka yote hiyo nyumbani hakuwahi kulitaja jambo hili. Siku ya mazishi, nilipolisoma, wamama waliokuwa chini ya hema walianza kuitikia, "Ni kweli! Ni kweli!" na baadhi yao sikuwa nawajua kabisa.

Mwingine alinikumbusha mwezi wa sita, wakati mahindi ya zamani yameisha na mapya bado yanachanua. Watu waliozoea kuleta debe huja na gorogoro moja, tena limefichwa ndani ya mfuko ili majirani wasione. Baba alikuwa analipokea lile gorogoro, analisaga bila kuuliza, na malipo yanaandikwa kwenye daftari yasubiri mavuno. Ukiuliza vizuri utapata mambo kama haya. Usiulize, "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kwamba alikuwa mtu mzuri sana, basi mazungumzo yamekwisha. Mwulize kila mmoja marehemu alimkataza nini. Uliza mara ya mwisho walizungumza kuhusu nini. Uliza waliwahi kukosana wapi, na wakapatanaje.

Na wakikwambia alikuwa mkali, andika. Baba alikuwa mkali wa saa. Ikifika saa kumi na mbili jioni mashine inazimwa, hata ukifika saa kumi na mbili na dakika moja ukiwa umetoka mbali, ukiwa na gunia kichwani. Mjomba wangu alitaka niliondoe hilo. Nikamwambia, "Mjomba, tukiliondoa, waliofungiwa mlango watajua tunasoma habari za mtu mwingine." Likabaki, na watu walicheka kwa upendo.

Kuhusu kanisa, Marafiki walifika Kaimosi, huku magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 na mpaka leo hawabatizi kwa maji. Maana yake ni kwamba wasifu wa Rafiki hauna tarehe ya ubatizo wala kipaimara ya kujazia ukurasa. Hilo ni jambo jema kwa mwandishi, kwa sababu linakulazimu useme mtu alifanya nini. Hata kama mzazi wako alikuwa Mkatoliki au Mwanglikana, jaribu njia hiyo hiyo. Badala ya orodha ya vyeo, andika kwamba Jumapili baada ya ibada alihesabu sadaka mbele ya watu wawili, hata siku ya mvua wakati kila mtu alitaka kukimbilia nyumbani, na kwamba hakukubali kuhesabu peke yake hata mara moja. Mwenyekiti wa wazee ndiye aliyenipa hilo, na naliona lina uzito kuliko "shupavu" mia moja.

Majina sasa, maana hapa ndipo familia huumizana. Kabla kijitabu cha mazishi hakijaenda kuchapishwa, keti na mama yako, au na mkubwa wa ukoo, umsomee kila jina kwa sauti: wake, watoto wote, waliotangulia, wakwe, wajukuu. Kama kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na familia inamjua, jina lake liingie. Jina lililoachwa kwenye kijitabu hukumbukwa kuliko hotuba zote za siku ile, na si haki kumkana mtu kaburini kwa baba yake.

Kama ninyi ni Wabukusu na ukoo umekubali omuswala kumuse, yule mzee anayewahutubia wafiwa kwa mila, asimame baada ya marehemu kuzikwa, mrekodi kwa simu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Najua baadhi ya watu wa kanisa hawaupendi utaratibu huo, na sitaki kugombana nao hapa. Lakini historia ya ukoo anayoitaja, vijana wetu wengi hawataisikia mahali pengine.

Simu ya marehemu pia itunzwe. Hamisha ujumbe wa sauti na picha mapema, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda hufungwa na namba kupewa mteja mwingine. Ila pesa zilizomo usizitoe kwa sababu tu unaijua namba ya siri. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, hairuhusu mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya salio dogo tu.

Hapa naomba unisikilize vizuri kama mzazi wako alishika pesa za watu. Mweka hazina wa kanisa, wa chama, wa kamati ya shule, anapofariki, kuna sanduku au akaunti inayosubiri. Usilifungue peke yako, hata kama unamwamini kila mtu nyumbani. Sisi tuliwaita wazee wa kanisa mapema, kabla matanga hayajaanuliwa, tukafungua mbele ya mama, tukahesabu tukilinganisha na daftari, kila mmoja akatia sahihi, nakala ikabaki kwetu. Jina la mtu aliyehesabu sadaka kwa uaminifu muda wote huo linaweza kuharibika kwa uvumi wa wiki moja, na yeye hayupo kujitetea.

Madeni nayo yana siku yake. Kwetu siku ya kunyoa nywele, siku ya tatu baada ya mazishi, watu hukaa na kuulizwa nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye. Nendeni mkiwa na daftari. Aliyokuwa anadaiwa baba tuliahidi kulipa tukataja na mwezi. Yale ya kisiagi, ya magorogoro ya mwezi wa sita, tulimwachia mama aamue, kwa kuwa ni jasho lake pia. Mama akasema yafutwe, na akataka itangazwe pale pale ili mtu asiogope kupita mlangoni kwetu. Familia nyingine ikiamua kudai, siilaumu, hasa mjane akiwa na watoto wa shule.

Mwaka ukiisha, watu watataka ukumbusho wenye mahema, vipaza sauti na sufuria kubwa. Ni vizuri kukutana. Lakini kabla ya kuchanga, tazameni ni kazi ipi ya mzee imelala, muichukue moja tu mnayoiweza. Baba ndiye aliyekuwa akiita watu kusafisha chemchemi ya chini ya shule kabla ya mvua za mwezi wa tatu: kuzibua mtaro wa maji machafu, kukata nyasi juu ya ukuta, kukagua ua usivunjwe na ng'ombe. Sasa ndugu yangu mdogo ndiye anayeita, na tuliobaki mjini tunatuma nauli au tunakuja wenyewe na majembe. Kama na ninyi mmerithi chemchemi, angalieni kwanza kama kuna mikaratusi iliyo karibu, kwani hunywa maji mengi. Zungumzeni na mwenye shamba kwa upole, mkubaliane naye aikate kidogo kidogo anapohitaji mbao, na mumpe miche ya miti ya kienyeji ya kupanda mahali pake.