Gettysburg na Hersheypark katika safari moja

Umeuliza kama mtu anayeendesha gari peke yake nchini Marekani anaweza kuunganisha viwanja vya vita na viwanja vya burudani katika safari moja. Inawezekana kabisa, hasa ukianzia Pennsylvania. Kutoka Gettysburg, palipopiganwa vita vikubwa vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, hadi Hersheypark, kiwanja cha burudani, ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari. Tafadhali usipite Gettysburg kwa haraka: ukishuka garini asubuhi na kutembea katika uwanda ulio wazi ambao askari wa Pickett, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, waliuvuka siku ya tatu huku wakipigwa mizinga, utaelewa vizuri kuliko kwa maelezo yoyote kwa nini wengi wao hawakurudi. Burudani iache kwa siku inayofuata, kwa sababu ukiwa peke yako huna wa kuzungumza naye juu ya uliyoyaona. Antietam, uwanja mwingine wa vita hivyo huko Maryland, ambako watu wapatao 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kutoweka tarehe 17 Septemba 1862, ni tulivu zaidi, nami naipenda zaidi. Ukiendelea hadi Virginia, Yorktown, ambako Cornwallis, jenerali wa Uingereza, alisalimu amri mwaka 1781 katika vita vya uhuru wa Marekani, iko karibu na Busch Gardens ya Williamsburg, kiwanja kingine cha burudani.